Kopo la Miswaki Mikuukuu

Sajini hakuwa na gari. Hakuwa na bastola, wala kitambulisho chenye nembo, kwa kuwa kile cha polisi alikirudisha siku aliyostaafu, pamoja na mkanda na filimbi. Hakuwa na karani. Ripoti zake alizipiga chapa mwenyewe kwa vidole viwili. Elimu yake yote ilikuwa cheti cha shule ya jioni, alichokipata akiwa na miaka arobaini na mitatu, na alikitundika ukutani mahali ambapo kila mteja angekiona kabla ya kukaa. Hakuwa na meno mawili ya mbele ya chini, na kwa ajili hiyo alizoea kuzungumza akiwa ameweka ngumi mdomoni. Watu walidhani anafikiri, naye hakuwasahihisha. Na Alhamisi ile, saa tatu asubuhi, hakuwa na ushahidi hata wa kujaza ukucha, wakati kikao cha kumfukuza mke wa mteja wake kilikuwa Jumamosi.

Mteja alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikono ina makali. Mji mzima ulimwita Bwana Afya. Ndiye aliyekagua majiko ya hoteli na vyoo vya sokoni, na kila muhula alizunguka shule za msingi akiwa amebeba taya kubwa la plastiki na mswaki mrefu kama fagio, akiwafundisha watoto kusugua meno.

"Nisomee tena ulichomwandikia shemeji yako," Sajini alisema.

"Kwani nimekosea wapi?"

"Sijasema umekosea. Nataka kuyasikia maneno."

Bwana Afya akatoa nakala mfukoni. "'Shemeji, dada yako ameleta ugonjwa nyumbani. Fizi zake zinatoka damu, na maabara imemkuta na vijidudu vinavyopita kwa mate. Nami nimekutwa navyo, na mdomo wangu ulikuwa mzima tangu kuzaliwa. Mate ya nani ameyaleta, yeye anajua. Njoo Jumamosi tukae kikao, uondoke naye.'"

"Akajibuje?"

"Atafika saa nne na gari la mizigo."

"Barua ilisomwa na nani kule?"

"Ilisomwa mezani, kwa sauti. Nasikia mama mkwe alikuwapo." Bwana Afya aliitazama saa yake. "Sasa nataka jina la huyo mwanamume, na ripoti yenye sahihi. Mke wangu ni mwonjaji kwenye kiwanda cha chai. Anaonja na bwana mmoja wanayemwita Tabasamu. Nimewaona siku ya ukaguzi, wanachota kikombe kimoja, vijiko vinapishana."

Sajini aliandika. "Wewe na mkeo mnabusiana?"

"Swali gani hilo, mzee?"

"La kipelelezi."

"Hapana. Miaka miwili na nusu sasa. Ndiyo maana nasema, kama mate si yangu, ni ya nani?"

"Na kama hambusiani, vijidudu vyake vilikufikiaje wewe?"

Bwana Afya alifungua mdomo, akaufunga. "Vikombe," alisema. "Vijiko. Nyumba ni moja."

"Vikombe vyenu vinapeleka upande mmoja tu?"

"Sajini, nimekuajiri umpeleleze yeye."

Ngumi ikapanda mdomoni. Sajini alisukuma karatasi tupu mezani, akaomba ruhusa ya maandishi ya kuzungumza na daktari wa meno. Bwana Afya aliandika upesi, mkono wake ukiwa umeikinga karatasi kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Ruhusa ilisema daktari aonyeshe ukurasa wa majibu ya maabara tu. Asionyeshe faili, asionyeshe picha, asijibu swali lolote lingine. Ilikuwa na mistari minne, na mitatu ilikuwa ya kukataza. Sajini aliisoma mara mbili, akaikunja.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso. Chumba chake kilinukia mafuta ya karafuu. Aliweka ukurasa mmoja mezani na kuugeuza upande wa mgeni.

"Vijidudu ni vya aina moja?" Sajini aliuliza.

"Aina moja na ukoo mmoja. Mume na mke walioishi pamoja miaka mingi mara nyingine hukutwa hivyo. Njia ni mate. Ila usiandike kana kwamba ni mafua. Mtu anaweza kuvibeba na asiugue, akitunza kinywa chake. Mwingine fizi zinavimba, zinatoka damu, mfupa unaoshika jino unashuka, mwisho jino linalegea."

"Vinakaa wapi?"

"Kwenye kijimfereji kati ya jino na ufizi. Pasipo na jino havina pa kujificha."

"Na nani alimpa mwenzake?"

"Karatasi haisemi. Inasema vinafanana, basi."

"Daktari, wewe umewaona wote wawili."

"Mmoja mmoja, siku tofauti. Mume ndiye aliyetaka iwe hivyo." Aligonga ile ruhusa kwa kalamu. "Mengine amenikataza, na mdomo ni wake."

"Nikuulize basi jambo la kitabuni, lisilo na mtu ndani yake. Mfupa kushuka huchukua muda gani?"

"Miaka. Ukiweka picha za watu wawili mezani, utaona nani ameugua muda mrefu zaidi. Hilo ni la kitabuni." Akaichukua karatasi yake, akairudisha kwenye faili. "Na wewe, mzee, panga siku nikutazame. Hiyo ngumi inaweza kumdanganya hakimu. Mimi hainidanganyi."

Sajini alishusha mkono, akaaga kwa kichwa, akatoka bila kufungua kinywa.

Chumba cha kuonjea chai kilikuwa na kaunta ndefu nyeupe, na juu yake vikombe vya kauri visivyo na mshikio, thelathini kwa safu moja, kila kimoja na rangi yake kuanzia majani makavu hadi kutu. Mke wa Bwana Afya alikuwa mwisho wa safu, amevaa koti jeupe. Alichota, akavuta chai kwa sauti kama karatasi inayochanwa, akaitema kwenye ndoo ya magurudumu aliyoisukuma kwa goti, akaandika. Pembeni yake alisimama bwana wa miaka hamsini hivi mwenye tai ya kipepeo na meno meupe kuliko vikombe. Huyo hakuhitaji kutambulishwa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Sajini alikuwa na siku moja na nusu, na ile ndiyo sababu aliyojipa baadaye ya kufanya alichofanya. Hakuomba chumba cha faragha. Hakufunga hata mlango.

"Mama, mimi ni mpelelezi. Mumeo amenituma."

"Najua. Jana alikutaja wakati wa chakula, kama mtu anayetaja dawa ya panya."

"Nina swali moja. Ukimwacha mumeo, ni mate ya nani yamefika mdomoni mwako?"

Kijiko kilisimama hewani. Nyuma ya dirisha la kioo wasichana wawili wa kufungasha waliacha kufungasha, na msimamizi wao akaacha kuwakaripia ili naye asikie.

"Rudia," yule mama alisema. "Ila safari hii nitazame mimi, usiitazame ndoo."

Sajini hakurudia. Masikio yake yalikuwa yamepata moto.

"Anamaanisha mimi, dada," Tabasamu alisema, na akavuta kiti. "Keti, mzee, umesimama kama mdai. Unaona hiki kijiko? Kina alama ya nyota. Ni changu, na hakuna anayekigusa. Chake kina alama ya jani. Tunachota kikombe kimoja, kweli, lakini kijiko kikitoka mdomoni kinapita kwenye maji ya moto kabla hakijarudi kikombeni. Tusipofanya hivyo tutaonja mate yetu badala ya chai. Ugonjwa wenyewe ni upi?"

"Wa fizi."

Tabasamu alicheka mpaka tai ikainama. Kisha akageukia kaunta, akaweka kidole gumba nyuma ya meno ya juu, akayatoa yote, akayatoa na ya chini, akayaweka kwenye kiganja na kumsogezea Sajini. Uso wake uliporomoka kama hema lililong'olewa nguzo.

"Ajali ya lori," alisema kwa sauti ya mzee wa miaka tisini. "Nikiwa na miaka kumi na tisa. Sina jino hata la dawa. Andika."

Sajini aliandika. Katika rasimu ya ripoti aliyoipiga chapa asubuhi palikuwa na mstari uliosema *Mwanamume anayehusika*, na mbele yake nafasi tupu. Aliikata nafasi ile kwa wino.

"Kila mtu hapa anajua," mke wa Bwana Afya alisema. "Wakati wa mapumziko huyaweka mezani karibu na sukari. Tumemkanya, hasikii."

"Niyafiche kwani nimeyaiba?" Tabasamu aliyasuuza bombani, akatoa kwenye mfuko wa koti mswaki mnene wenye vichwa viwili, akaanza kuyasugua.

"Mswaki wa kawaida haufai?" Sajini aliuliza. Hakuwa na haja kubwa ya jibu. Alitaka watu wasikie kitu kingine baada ya lile swali la kwanza.

"Kwa haya yangu ungejikongoja. Lakini kwa yale ya kipande, yenye nyaya za kushikia meno ya jirani, usithubutu. Zile ndoano zinakata nywele za katikati. Mwezi haujaisha, mswaki una upara kama umenyolewa na kinyozi anayejifunza."

Mke wa Bwana Afya aligeuka. "Upara wa katikati?"

"Katikati tu. Pembeni zinabaki zimesimama."

Aliweka kijiko chake chini, kile chenye alama ya jani, nje ya mahali pake.

"Yangu yote iko hivyo," alisema. "Miswaki yangu. Mume wangu anasema nina mkono mzito."

Nyuma ya kioo msimamizi aliwaambia wasichana warudi kazini, lakini kwa sauti ndogo.

"Iliyochakaa umeitupa?" Sajini aliuliza.

"Nani anatupa mswaki, mzee? Viatu vya watoto utasugua na nini? Njoo nyumbani saa saba. Huwa anarudi kula saa saba na nusu."

Kopo lilikuwa chini ya sinki la jikoni, kopo kubwa la maziwa ya unga lililotoboka kutu ubavuni. Ndani mlikuwa na miswaki ya kusugulia viatu, kola na sehemu za sinki zisizofikika kwa kitambaa. Sajini alitandika gazeti mezani, akamwomba mwenye nyumba aipange kwa jinsi ilivyonunuliwa, wa zamani kushoto. Hakumwambia anatafuta nini. Shahidi akijua unachotafuta, anakitafuta pamoja nawe, na hapo ushahidi unakuwa wa watu wawili walioshirikiana.

Yule mama alipanga bila kusita. Wa zambarau aliununua mtoto wa kwanza alipoanza shule. Mweupe, walipohamia nyumba hii. Wa njano ulipata rangi ya kiatu siku ya kipaimara. Alipomaliza, safu ilikuwa na miswaki kumi na tisa.

Sajini aliinama na miwani yake. Minne ya mwanzo ilikuwa imechakaa kama miswaki yote duniani, nywele zimelala pembeni. Kuanzia wa tano hadi wa kumi na tisa nywele za pembeni zilikuwa wima, na katikati palikatwa, pengine hadi kwenye plastiki.

"Hii minne ilidumu muda gani kila mmoja?"

"Miezi minne, mitano."

"Na hii mingine?"

"Haimalizi miezi miwili."

Sajini aliweka kalamu kati ya wa nne na wa tano. "Hapa palitokea nini?"

"Hakuna kilichotokea." Akafikiri. "Semina. Baba watoto alikwenda semina wiki mbili, miaka miwili na nusu iliyopita. Aliondoka jino linamuuma. Aliporudi alisema ameling'oa huko, la nyuma kabisa."

"Na kubusiana kuliisha lini?"

Yule mama aliutazama mstari wa miswaki, akaitazama kalamu. "Hapo hapo," alisema. "Nikimsogelea ananipa shavu. Nilidhani nanuka. Nikawa natafuna karafuu kabla hajarudi kutoka kazini."

"Fizi zilianza kutoka damu lini?"

"Mwaka uliofuata."

"Miswaki yake iko wapi?"

"Hiyo miwili niliyoiacha koponi. Yeye mmoja unampeleka mwaka mzima."

Waliingia bafuni. Kwenye bilauri ya plastiki mlikuwa na miswaki miwili, wa kijani wa mke na wa buluu wa mume. Sajini alishika kila mmoja kwa leso. Wa buluu ulikuwa umekauka. Wa kijani ulikuwa umelowa mpaka shingoni.

"Umepiga mswaki saa ngapi leo?"

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa kumi na mbili nakuwa barabarani. Yeye anatoka saa mbili."

"Basi wako ulitakiwa uwe umekauka kwanza," Sajini alisema.

Lango likalia.

Bwana Afya aliingia jikoni akiwa na lile taya la plastiki kwapani. Alikuwa ametoka shuleni. Aliiona miswaki mezani.

"Mnafanya usafi?" aliuliza.

"Keti, baba watoto," mkewe alisema.

Hakukaa. Sajini alishusha ngumi kutoka mdomoni, akaikunja leso.

"Bwana Afya, uliniambia, na ukamwandikia shemeji yako, kwamba mdomo wako ni mzima tangu kuzaliwa."

"Ndivyo."

"Niandikie ruhusa nilione faili zima kwa daktari."

"Haikuwa kwenye makubaliano yetu."

"Basi kuna njia fupi zaidi. Fungua mdomo."

Bwana Afya alimtazama mkewe. Kisha akatazama safu ya miswaki, akaifuata kwa macho toka kushoto hadi kulia, na alipofika kwenye kalamu akasimama. Aliweka taya la plastiki juu ya friji. Akageukia ukuta, akatoa leso.

"Geuka huku," mkewe alisema. "Mwenzako kule kazini kwangu huyaweka karibu na sukari."

Alipogeuka, kiganjani mwake mlikuwa na kipande cha rangi ya waridi chenye meno matatu, na nyaya mbili zilizopinda kama miguu ya buibui. Alikishika kana kwamba kinaungua. Midomo yake ilikuwa imeingia ndani upande mmoja, na aliposema maneno yalitoka na hewa.

"Nitasimamaje mbele ya watoto na lile taya, nami nina pengo? Mia tatu wananikodolea macho. Walimu nyuma yao."

"Daktari wa kule semina alikwambia nini?" Sajini aliuliza.

"Kwamba fizi zinaumwa siku nyingi. Tangu kabla sijaoa. Alisema hata mke wangu atazamwe."

"Hukuniambia," mkewe alisema.

"Ningekwambiaje bila kukuonyesha hiki?"

"Kwa nini mswaki wangu?"

Bwana Afya alifunika kipande kwa leso. "Wangu ungechakaa, nawe ungeuliza."

"Na wangu ulipochakaa?"

Bwana Afya alinyoosha mkono akakaza bomba la sinki lililokuwa likidondosha tone.

"Ulisema nina mkono mzito," mkewe alimjibia. "Ulisema mbele ya mama yako, mkacheka. Nikapunguza nguvu. Mwaka mzima nimesugua meno kama napangusa yai. Fizi zikazidi. Ulipoiona karatasi ya maabara, uliamini kweli nina mwanamume?"

Sajini alikuwa amewahoji wezi na wauaji, na alijua ukimya wa mtu anayetunga uongo na ule wa mtu aliyemaliza uongo wote. Huu ulikuwa wa pili.

"Nilijua," Bwana Afya alisema. "Siku ile ile, pale kwa daktari. Lakini mmoja wetu alitakiwa awe mchafu." Akaketi, hatimaye. "Na mimi ni Bwana Afya."

Mkewe aliichukua miswaki, mmoja mmoja, akairudisha koponi. Hakutupa hata mmoja.

"Mama," Sajini alisema, na mkono wake ulibaki chini, pengo lake likaonekana. "Swali la asubuhi nililiuliza mlango ukiwa wazi. Kesho nitarudi kule nikaseme jibu lake. Mlango nao utakuwa wazi."

"Utasemea karibu na dirisha la kioo."

"Karibu na dirisha la kioo."

Bwana Afya alikuwa ametoa simu. "Nitampigia shemeji. Nimwambie asisumbuke na gari."

"Weka," mkewe alisema. "Mimi uliniandika. Nimesomwa mezani, mama yangu anasikiliza. Simu haisomwi mezani. Chukua karatasi."

Alichukua. Aliandika muda mrefu, akamsogezea Sajini kwanza, labda kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa mgeni zaidi. Barua ilianza kwa kusema kwamba kulitokea kutoelewana.

"Kutoelewana kwa nani na nani?" Sajini aliuliza.

"Ni lugha tu ya heshima, mzee."

"Ile ya kwanza hukuiandika kwa lugha ya heshima. Nilisomewa."

Karatasi ya pili ilisema vipimo vilikuwa na utata. Mkewe aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza, ambao ulikuwa ukitikisika tangu mwaka juzi. Akampa karatasi ya tatu. Kipande chenye nyaya kilikuwa kwenye sahani ya kikombe katikati yao, leso imeondolewa. Bwana Afya mwenyewe ndiye aliyeiondoa.

Ya tatu ilikuwa fupi. *Shemeji, nilisema uongo. Ugonjwa wa fizi ni wangu, tangu kabla sijamuoa dada yako. Nina meno ya bandia ambayo nilimficha, na nikayasugua kwa mswaki wake, na mswaki ulipoharibika nikamlaumu yeye. Hakuna mwanamume mwingine. Nilijua hakuna wakati naandika kwamba yuko. Nakuomba barua hii isomwe pale ile ya kwanza iliposomwa, mama mkwe akiwapo.*

Mkewe aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Ongeza mstari," alisema. "Andika: 'Jumamosi uje, na gari uje nalo.'"

Kalamu ilisimama. "Mama watoto."

"Andika. 'Uje nalo. Atakayepanda na atakayebaki, atasema dada yako.'"

Akaandika. Neno la mwisho akalipitia tena kwa wino ili lisomeke. Akatia sahihi, akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. Kisha, kwa mazoea, akaiinua bahasha mdomoni na kutoa ulimi.

Akakwama hapo, ulimi nje, macho kwa mkewe.

Yule mama alifungua bomba, akateka maji kidogo kwenye bakuli, akalisukuma juu ya meza mpaka likagusa kiwiko cha mumewe. Bwana Afya alichovya kidole, akakipitisha kwenye ukingo wenye gundi, akafunga, akakandamiza kwa kiganja chote na kukaa hivyo kwa muda.

"Imeshika," mkewe alisema, na akaichukua.

Posta ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Sajini alimfuata yule mama hatua mbili nyuma, kwa kuwa hakuombwa kwenda wala kukatazwa. Dirishani karani aliisoma anwani, akaipima bahasha kwa kiganja kabla ya kuiweka kwenye mizani.

"Ya kawaida au ya haraka, mama?"

"Ifike kesho."

Karani aligonga mihuri miwili, akaitumbukiza kwenye mfuko wa turubai, akaukusanya mdomo wa mfuko kwa mikono miwili na kuufunga kwa kamba.